Maurice Stokes alicheza misimu mitatu tu, kwanini bado anahesabiwa kati ya wakubwa?

Swali la msomaji: "Shikamoo kocha. Mimi nacheza senta, yule mrefu wa chini ya ringi, timu ya kikapu ya chuo huku Mwanza, nina mita 1.96. Nimeona NBA kila mwaka wanatoa tuzo ya mchezaji anayejali wenzake, inaitwa Twyman-Stokes, nikamgugo huyo Stokes nikakuta alicheza misimu mitatu tu miaka ya 50 alafu akapooza. Sasa kweli alikuwa mchezaji wa kila kitu kama wanavyosema au wanampamba kwa sababu ya yaliyompata? Na la pili, kocha wetu hataki nipige dribo hata moja nikishadaka ribaundi, anasema kazi ya senta ni kumpa mpira gadi, yaani mwongoza mpira, basi. Stokes enzi zile ilikuwaje wakamuacha apeleke mpira mwenyewe?"

Marahaba mdogo wangu. Swali lako la kwanza nimelipenda sana, watu wengi wanalo kichwani ila wanaogopa kuliuliza maana linasikika kama kumkosea heshima marehemu. Mimi naona tunamkosea heshima pale tunapoanza stori yake kwenye kitanda cha hospitali na kuimalizia hapohapo. Kwahiyo nakujibu moja kwa moja, alikuwa mchezaji wa kila kitu kweli kweli, na ushahidi wake uliandikwa kwenye rekodi za ligi kabla hajaumia, mda huo hakuna mtu aliyekuwa na sababu ya kumuonea huruma.

Hebu chukua hiyo misimu mitatu yake, kuanzia vuli ya 1955 mpaka machi 1958, ujumlishe ribaundi, yaani mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa, za wachezaji wote wa NBA. Anayeongoza ni Stokes na ribaundi 3,492. Nyuma yake yupo Bob Pettit na 3,417, na Pettit sio mtu wa mchezo, huyo alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 1956. Haya, sasa hamia kwenye asisti, yaani pasi zinazozaa kikapu, za kipindi hichohicho. Wa kwanza ni Bob Cousy wa Boston Celtics na 1,583, ambaye ndiye gadi mkubwa kuliko wote enzi zile, mpira ulikuwa unakaa mkononi kwake mda wote. Wa pili ni nani? Ni Stokes huyohuyo, asisti 1,062. Yaani magadi wote wa ligi, watu ambao kutoa pasi ndio ajira yao, ukimtoa Cousy wote wako nyuma ya jamaa wa mita 2.01 mwenye kilo zaidi ya 100 ambaye kazi yake aliyoajiriwa ilikuwa kubanana chini ya ringi. Mimi nimefundisha kikapu miaka mingi na kila nikiirudia hiyo hesabu nakaa kimya kwanza.

Ili uelewe ukubwa wa jambo hili lazima ujue mtu mrefu alikuwa anafanya nini kipindi kile. Ligi ilikuwa na timu nane tu, na mchezo wenyewe ulikuwa umetoka kwenye zama za George Mikan, senta mkubwa anakaa karibu na ringi, mnamletea mpira, anageuka anafunga, mnarudi kukaba. Mpaka 1954 hapakuwa na saa ya sekunde 24 inayolazimisha timu irushe, timu ikiongoza inaweza kushika mpira tu mda unaenda, kuna mechi ya 1950 kati ya Fort Wayne Pistons na Minneapolis Lakers iliisha 19 kwa 18, mechi ya watu wazima wanaolipwa hiyo. Saa ilipoingia msimu wa 1954-55 mchezo ukaanza kukimbia, na msimu uliofuata ndio Stokes akaingia. Alikuja wakati sahihi kabisa, mwili wa kubanana na watu wazito, alafu miguu na mikono ya mtu mfupi.

Kitu alichokuwa anafanya ni hiki. Anadaka ribaundi upande wa ulinzi, badala ya kusimama amtafute gadi, anashuka chini huku ameshageuka kuangalia mbele, anaweka dribo, anauvuka msitari wa kati mwenyewe, na wenzake wanakimbia pembeni kwake kulia na kushoto. Beki aliyerudi peke yake anabaki na maamuzi mabaya matupu, akimfuata Stokes pasi inatoka, akibaki na wale wa pembeni basi kilo mia na kitu zinamjia kifuani na zinajua kumalizia. Pasi ile ya kwanza ya kutafuta gadi inakula sekunde moja au mbili, na hizo sekunde mbili ndizo ambazo wapinzani wanazitumia kurudi watano wote. Stokes alikuwa anawanyima. Leo ukimuona senta kama Nikola Jokić anadaka na kuanzisha shambulizi mwenyewe unaona kawaida, ila mwaka 1956 makocha wengi wangemkalisha benchi mtu wa saizi hiyo akithubutu.

Sasa niwe mkweli kwako maana umeuliza kama anapambwa. Namba zake za ribaundi usizilinganishe hivi hivi na za leo. Wastani wake wa misimu yote mitatu ni ribaundi 17.3 kwa mechi, na sehemu ya ukubwa huo inatokana na enzi, timu zilikuwa zinakimbia sana na kurusha ovyo, ligi nzima mitupo iliyokuwa inaingia haifiki hata asilimia 40, kwahiyo mipira ya kugombania ilikuwa mingi. Na yeye mwenyewe hakuwa mfungaji mwenye shabaha, alifunga kama asilimia 35 ya mitupo yake, hiyo ni ndogo hata kwa wakati ule kwa mtu anayecheza karibu na ringi. Ukitaka udhaifu wake ndio huo, na nadhani angekaa miaka kumi angeurekebisha, ila hilo ni la kudhani. Asisti kwa upande mwingine zilikuwa zinahesabiwa kwa ubahili kuliko leo, kwahiyo zile 5.3 kwa mechi mimi nazipa uzito zaidi ya zinavyoonekana. Kifupi mlinganishe na waliokuwa naye uwanjani, na hapo hakuna anayemgusa kwa mchanganyiko wa vitu.

Tuje alikotoka. Alizaliwa tarehe 17 juni 1933 Rankin, mji mdogo jirani na Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania. Baba yake alikuwa mtu wa kiwanda cha chuma na mama yake akifanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu, na yeye alizaliwa pacha na dada yake. Akiwa na miaka minane familia ikahamia Homewood ndani ya Pittsburgh, akasoma Westinghouse High School, wakachukua ubingwa wa shule za jiji 1950 na 1951. Baada ya hapo akaenda chuo kidogo kabisa, St. Francis kule Loretto, kijiji cha milimani Pennsylvania, chuo cha mapadri Wafransisko ambacho kwenye ramani ya kikapu kilikuwa hakipo.

Na ndio akakiweka. Mwaka 1955 St. Francis wakaalikwa mashindano ya vyuo ya NIT pale Madison Square Garden, New York, na kipindi kile NIT ilikuwa kitu kizito sana, sio kama sasa hivi. Kwenye nusu fainali dhidi ya Dayton Stokes akafunga pointi 43, wakapoteza, wakaishia nafasi ya nne. Alafu waandaaji wakampa yeye tuzo ya mchezaji bora wa mashindano. Timu ya nne ndugu yangu! Mara ngapi umeona mchezaji bora anatoka timu iliyoshika nafasi ya nne?

Mwaka huohuo timu ya NBA ya Rochester Royals wakamchukua kwenye drafti, yaani zamu za timu kuchagua wachezaji wapya, wa pili kwa jumla baada ya Dick Ricketts, na kwenye raundi ya pili ya drafti hiyohiyo Royals wakamchukua kijana mwingine aliyekulia Pittsburgh anaitwa Jack Twyman, mzungu, aliyekuwa chuo kikuu cha Cincinnati. Shika hilo jina.

Rochester ni pale ambapo tarehe 31 oktoba 1950 Earl Lloyd wa Washington Capitols alicheza mechi na kuwa mweusi wa kwanza kucheza mechi ya NBA, na wapinzani siku hiyo walikuwa Royals wenyewe. Miaka mitano tu baadaye Royals hao wanamkabidhi timu kijana mweusi. Na kimpira walikuwa na shida halisi, Bob Davies, gadi aliyewaendesha mpaka wakachukua ubingwa wa 1951, alikuwa amestaafu mwaka huohuo 1955. Bobby Wanzer, gadi mwenzake wa ubingwa ule, ndio akawa kocha huku bado anacheza. Kwahiyo unapouliza ilikuwaje wakamuacha, naona sehemu ya jibu iko hapa: timu ilikuwa imepoteza mtu wa kuongoza mpira, kocha mwenyewe ni gadi anayejua pasi nzuri ikoje, na mbele yake kasimama mtu mrefu anayeona uwanja vizuri kuliko wafupi aliobaki nao.

Mechi yake ya kwanza ya NBA, dhidi ya New York Knicks, alitoka na pointi 32, ribaundi 20 na asisti 8. Ya kwanza hiyo. Katika msimu huohuo kuna mechi alidaka ribaundi 38 peke yake. Alimaliza na wastani wa pointi 16.8, ribaundi 16.3 na asisti 4.9, akawa mchezaji bora chipukizi wa 1956. Msimu wa pili akadaka ribaundi 1,256, rekodi ya NBA kwa msimu mmoja wakati huo. Misimu yote mitatu alichaguliwa All-Star, mechi ya mastaa wa ligi, na misimu yote mitatu aliingia kikosi cha pili cha wachezaji bora wa ligi.

Kuna jambo la pembeni hapa ambalo wapenzi wa historia wanalibishania mpaka leo. Mwaka 1956 Royals walikuwa na chaguo la kwanza kabisa kwenye drafti na senta Bill Russell alikuwepo, wakamuacha wakamchukua gadi Si Green. Russell akaishia Boston na akachukua ubingwa mara 11. Sababu zinatajwa nyingi, pesa ikiwemo, ila moja yenye mantiki ni kwamba mtu wa kudaka ribaundi tayari walikuwa naye, walihitaji gadi. Fikiria Russell na Stokes timu moja. Mimi nikifikiria hilo usingizi unakata.

Mwaka 1957 timu ikahama Rochester ikaenda Cincinnati, Ohio, na huo msimu wa tatu ndio Stokes alikuwa amekomaa. Pointi 16.9, ribaundi 18.1, asisti 6.4 kwa mechi. Kwa wastani wa ribaundi alikuwa wa pili NBA nyuma ya Russell, na kwenye asisti wa tatu nyuma ya Cousy na Dick McGuire. Rudia tena kusoma hiyo sentensi, wa pili kwenye kazi ya masenta na wa tatu kwenye kazi ya magadi, msimu mmoja, mtu mmoja, ana miaka 24. Timu haikuwa nzuri sana, walimaliza 33 kwa 39, ila Twyman alikuwa anapanda, Clyde Lovellette yupo ndani, na walifuzu mtoano.

Sasa tarehe 12 machi 1958, mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida, wako Minneapolis na Lakers. Stokes anaingia kwenye ringi na mpira, wanagongana hewani, anaanguka vibaya na kichwa kinapiga sakafu. Akapoteza fahamu dakika kadhaa. Wakamnusisha dawa ya kuzindulia, akaamka, na akarudishwa kucheza. Hiyo ndio ilikuwa kawaida ya wakati ule, timu hazikuwa na daktari anayesafiri nazo, mtu akisimama na kusema niko sawa anaonekana mwanaume. Siku tatu baadaye, tarehe 15, wakacheza mechi ya kwanza ya mtoano na Detroit Pistons, Stokes akatoka na pointi 12 na ribaundi 15, kwa mwili ambao ndani ulikuwa umeshaharibika. Kwenye ndege ya kurudi Cincinnati usiku huo akazidiwa, akawaambia wenzake anahisi kama anakufa, akapata degedege huko huko angani. Ndege ilipotua akakimbizwa hospitali ng'ambo ya mto, Kentucky, akiwa hajitambui. Alipozinduka baada ya wiki kadhaa mwili mzima ulikuwa umepooza na hawezi kusema. Akili ilikuwa salama kabisa. Sehemu ya ubongo inayoongoza misuli ndio ilikuwa imeumia.

Hapa naomba nitoke nje ya historia kidogo nikuseme kama mdogo wangu. Bado naona huku kwetu mchezaji anagongwa kichwa, anamwagiwa maji, anapepewa na taulo, dakika mbili karudi ndani na watu wanampigia makofi. Ukigongwa kichwa ukapoteza fahamu hata kwa sekunde chache, ukaona maruweruwe, ukatapika au ukasahau matokeo ni ngapi, wewe mechi imeisha, na wiki hiyo huchezi mpaka daktari akuangalie. Ukiona mwenzako yuko hivyo usimuulize kama yuko sawa, atakudanganya, mwambie kocha amtoe.

Turudi Cincinnati. Mkataba haukuwa na bima ya kumlinda mchezaji kwa jambo kama hili, ligi haikuwa na mfuko wa pensheni, mshahara ukakatika, na gharama za matibabu zilikuja kufika karibu dola 100,000 kwa mwaka, hela ambayo wakati ule hakuna mchezaji wa NBA aliyekuwa anaigusa. Wazazi wake walikuwa Pittsburgh na hawakuwa na uwezo. Hela yake kidogo iliyokuwa benki hakuna mwenye mamlaka ya kuitoa, mwenye akaunti hawezi hata kushika kalamu.

Ndipo Twyman, kijana wa miaka 23, akaenda mahakamani akaomba awe msimamizi wake wa kisheria. Watu wanadhani walikuwa marafiki wa chanda na pete, hapana, walifahamiana tangu viwanja vya Pittsburgh na walikuwa wanacheza timu moja, basi. Twyman mwenyewe alikuwa anaeleza miaka yote kwamba mtu mmoja ilibidi afanye na yeye ndiye aliyekuwa anaishi pale mjini. Akapigania fidia ya kuumia kazini kwa sheria za Ohio, na akashinda, kwamba mchezaji ni mfanyakazi kama mfanyakazi mwingine na uwanja ndio sehemu yake ya kazi. Alafu kwenye hoteli ya Kutsher's kule milima ya Catskills, New York, ikaanza mechi ya kuchangisha kila kiangazi, mastaa wa NBA wanajilipia nauli wanakuja kucheza bure, Wilt Chamberlain akiwa mmojawapo, na hela yote inaenda kwa Stokes.

Kuna kitu kimoja kwenye miaka hiyo huwa kinanigusa kuliko hizo hela. Ilibidi watafute njia ya kuongea. Twyman anataja herufi moja moja, A, B, C, na Stokes anasubiri mpaka herufi anayoitaka ifike, anapepesa jicho. Inaandikwa. Wanaanza tena A. Neno la herufi sita linaweza kula dakika nyingi, na hawa walikuwa wanaongea sentensi, mambo ya mahakama, mambo ya timu. Miaka ikaenda, kwa mazoezi ya kutisha akarudisha mwendo kidogo wa mikono, akaweza kuchora rangi na kubonyeza mashine ya chapa, na barua aliyoiandika mwanzo ilikuwa ya kumshukuru Twyman. Mazoezi yale yalikuwa na maumivu ya kutoa jasho, na wauguzi waliomhudumia walimzoea kama mtu mcheshi.

Huku nyuma Twyman hakuacha kucheza, tena msimu wa 1959-60 alifikisha wastani wa pointi 31.2, yeye na Wilt msimu huo ndio wa kwanza kuvuka 30 kwenye historia ya NBA. Mechi inaisha, anaenda hospitali. Wachezaji wengine nao waliona kitu kwenye jambo la Stokes, kwamba wao wote wako hatua moja kutoka kwenye kile kitanda. Januari 1964 pale Boston mastaa walikataa kutoka kwenye chumba cha kubadilishia nguo kucheza mechi ya All-Star, ambayo televisheni ilikuwa inasubiri kuirusha, mpaka waahidiwe pensheni. Wakaahidiwa. Sisemi Stokes ndiye sababu pekee, ila hakuna mchezaji mle ndani ambaye alikuwa hajui habari zake.

Stokes alifariki tarehe 6 aprili 1970 kwa moyo, akiwa na miaka 36, na kwa ombi lake mwenyewe akazikwa Loretto kwenye makaburi ya Wafransisko pale chuoni kwake. Jengo la michezo la chuo linabeba jina lake. Hall of Fame, jumba la heshima la kikapu, walimuingiza 2004, miaka 34 baada ya kufa, na aliyesimama kupokea kwa niaba yake ni Twyman, ambaye yeye mwenyewe alikuwa ameingia tangu 1983. Walichelewa kwa sababu ya kigezo cha kucheza muda mfupi, mechi 202 tu. Mimi sikubaliani nacho hata kidogo, maana kama unapima ukubwa wa mtu kwa alichokiweka kwenye mchezo, huyu aliweka aina ya mchezaji ambayo haikuwepo, na wengi waliokuja na kusifiwa kwa kufanya kila kitu, kuanzia Oscar Robertson ambaye aliingia Royals hiyohiyo 1960, walikuta njia imeshakanyagwa. Twyman alifariki 2012, na msimu wa 2012-13 NBA wakaanzisha tuzo uliyoiona, wa kwanza kuipata akiwa Chauncey Billups. Tuzo ni nzuri, nasikitika tu kwamba imefanya jina la Stokes lijulikane kama mtu aliyesaidiwa, wakati Royals walimuajiri kwa sababu alikuwa anasaidia wenzake wanne kila dakika akiwa uwanjani.

Sasa swali lako la pili, na hapa nitamtetea kocha wako kidogo. Senta akipoteza mpira kwa dribo mita tano kutoka ringi yake mwenyewe ni pointi mbili za bure, na makocha wengi tumeshaumia kwa hilo. Stokes hakuachiwa kwa sababu ni staa, aliachiwa kwa sababu alikuwa hapotezi mpira kirahisi na alikuwa anaangalia mbele. Kwahiyo ruhusa usiiombe kwa mdomo, iombe kwa mazoezi. Ukidaka ribaundi, mpira uweke kidevuni viwiko vikiwa nje, geuka kuelekea msitari wa pembeni, usigeukie katikati maana huko ndiko wezi walipo. Macho yaende mbali kwanza, yaani angalia mtu wa mbele kabisa kabla ya gadi aliye jirani. Kama gadi wako yuko wazi mpe, hata Stokes alikuwa anatoa. Kama kabanwa na mbele yako kuna nafasi, piga dribo mbili ndefu za kutoka kwenye msongamano, mbili tu, simama kwa miguu miwili, toa pasi. Usiwaze kabisa habari ya kuvuka msitari wa kati kwa sasa.

Fanya hivyo na wenzako wawili baada ya mazoezi, mmoja anarusha mpira kwenye ubao, mmoja anakubughudhi unaposhuka, mnabadilishana, mkono wa kushoto na wa kulia. Ukiona umeweza kumaliza mizunguko bila kunyang'anywa, mwite kocha aje aone, mwambie unaomba dribo mbili tu na pale ambapo gadi kabanwa, akikataa endelea kumpa gadi mpira na uendelee kufanya mazoezi pembeni. Akikubali, mechi ya kwanza zihesabu, ngapi zimezaa shambulizi na ngapi zimepotea, umpelekee karatasi. Kocha anayeletewa karatasi na mchezaji wake anasikiliza.